Mchanga Uliovaa Kutu

Nyumbani kwetu kuna shuka kila mahali. Kuna shuka kwenye kamba, shuka kwenye mabeseni, na shuka mezani zikisubiri pasi. Ukitaka kwenda chooni unainama chini ya shuka nne. Ukiinuka mapema, unavaa shuka ya mtu kichwani. Hapo utasikia sauti ya mama mkwe wangu kutoka dirishani.

"Mikono yako safi? Nyeupe hiyo!"

Sisi ni madobi, tunafulia nyumba ya wageni na zahanati. Au niseme, wao ndio madobi, mimi niliolewa tu. Mume wangu anapiga pasi kutwa, na wateja wanamwita Bwana Pasi. Mama yake ndiye mkuu wa kufua. Mtaani wanamwita Mama Madoa, ila si mbele yake. Mama huyu analiona doa kabla mwenye nguo hajaliona. Wino, damu, mchuzi, grisi, kila doa analijulia dawa yake. Kutu ndiyo adui yake mkubwa. Ana dawa maalumu ya kutoa kutu, na chupa zake anazificha nyuma ya kabati.

Mimi nina bwawa la samaki.

Bwawa liko nyuma ya nyumba, mahali pa chini kabisa uwanjani. Ukubwa wake ni kama vyumba viwili. Nilipoolewa lilikuwa shimo la matope na makopo. Nililisafisha mwenyewe kwa jembe na beseni, nikaweka vifaranga vya samaki. Asubuhi nikiwatupia pumba wanakuja juu wote pamoja, vinywa wazi. Jamani, mtu akikupokea hivyo kila siku, lazima utampenda. Katika nyumba ile bwawa ndilo kitu changu. Vingine vyote ni vya shuka.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

Mwaka jana mvua ya kwanza ilinyesha mchana mmoja tu. Kesho yake nilitupa pumba, hakuja samaki hata mmoja. Wote walikuwa wanaelea pembeni, matumbo juu. Nililia, nikawazoa, nikawafukia. Nikasema labda ni ugonjwa.

Mwaka huu nikaweka vifaranga wengine. Mvua ya kwanza ikaja, mambo yakawa yale yale. Nilisimama pale na kopo la pumba mkononi, hasira zinanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nimkasirikie nani sasa? Mvua?

Mama mkwe akaja na beseni kiunoni.

"Mwanangu," akasema, "bwawa hili limekushinda. Tulifukie. Tutapata nafasi ya kamba sita."

"Halijanishinda, Mama."

"Samaki wamekufa mara mbili."

"Nitaweka wengine."

"Weka. Lakini wakifa tena, naita lori la kifusi. Nafukia, naweka kamba zangu. Na usije ukaninunia."

Nilimnunia siku hiyo hiyo.

Tulikaa hivyo wiki nzima. Asubuhi nampa shikamoo, ananipa marahaba, basi. Mengine yote yalipitia kwa Bwana Pasi, na sisi sote tumo chumba kimoja.

"Mama anauliza kama umeona vibanio," anasema.

"Mwambie Mama viko kwenye ndoo."

"Mama, anasema viko kwenye ndoo."

"Nimesikia, mimi si kiziwi!" anasema mama yake.

Maskini mume wangu, alikuwa anaunguza kola za watu kwa mawazo.

Mwishowe nilikwenda ofisi ya mitaro. Sikwenda kuuliza, nilikwenda kugomba. Maji yanayoingia bwawani kwangu yanatoka kwenye mtaro wa barabara, na mtaro ni wao. Niliingia na samaki mmoja mfu kwenye mfuko wa plastiki. Nikamweka mezani.

"Mtaro wenu unaniulia samaki," nikasema.

Nyuma ya meza alikuwa mwanamke mwenye buti za mpira zilizojaa tope. Watu wanamwita Bi Mtaro, kwa sababu ukimtafuta ofisini humpati, yumo mtaroni. Hakukasirika. Alimwangalia samaki, akaniangalia mimi.

"Pole, dada. Walikufa baada ya mvua ya kwanza?"

"Umejuaje?"

"Kesho nakuja kwako. Huyu samaki, tafadhali, ondoka naye."

Kesho yake tulitembea pamoja kando ya mtaro, tukipanda nao mpaka barabarani. Nimepita njia ile miaka saba. Sikuwahi kuiangalia. Kule juu kuna vibanda vya mafundi. Wa kwanza ni fundi betri. Anayefuata ni fundi rejeta za magari. Mbele yao kuna mtu wa magari mabovu, na uwanja wake mzima ni vyuma na mabati yenye kutu. Ardhi pale ni nyeusi kwa oili. Vumbi la breki na la matairi liko kila mahali.

"Kiangazi, uchafu huu wote unalala hapa," akasema Bi Mtaro. "Mvua ya kwanza inauosha wote kwa siku moja. Unajua unakwenda wapi?"

"Kwangu."

"Kwako. Nyumba yako iko chini kuliko zote."

"Basi nizibe mtaro!"

"Ukiziba, maji yataingia chumbani. Halafu bwawa utalijaza kwa nini? Kwa maji ya bomba?"

Maji ya bomba kwetu yanatoka mara mbili kwa wiki, na yote yanamezwa na shuka.

Nikasema, "Basi nitaweka mchanga mdomoni mwa mtaro. Mchanga unachuja maji, kila mtu anajua."

Bi Mtaro akacheka kidogo. "Unakunywa chai ya sukari?"

Nikamwangalia. Samaki wangu wamekufa, yeye ananiuliza chai.

"Nakunywa."

"Ukiichuja, nini kinabaki kwenye chujio?"

"Majani."

"Na sukari?"

"Inapita na chai. Imeshayeyuka."

"Ndiyo shida yako hiyo. Taka na tope ni kama majani ya chai. Mchanga wa kawaida utazikamata. Lakini kwenye maji haya kuna shaba na zinki kutoka kwa vyuma na mabati na vumbi la breki. Hizo zimeyeyuka kama sukari. Huzioni. Zinapita katikati ya mchanga zikicheka. Kwa mtu ni kidogo. Kwa samaki, ambaye anavuta pumzi humo humo majini, ni sumu."

Akatoa mfukoni kikaratasi chembamba, akakichovya bwawani. Kikageuka zambarau.

"Kingebaki cheupe kama maji yangekuwa mazuri," akasema.

Nilikiangalia kile kikaratasi kwa hasira. Miaka miwili nalaumu ugonjwa, kumbe jibu lingetoka kwenye karatasi ndogo kuliko kidole changu.

"Sasa nifanye nini?"

"Tunajenga chujio la vyumba vitatu. Cha kwanza kina wavu, kinashika taka. Cha pili ni shimo la maji kutulia. Tope litazama chini. Juu tutaning'iniza ubao, uzuie oili inayoelea isipite. Cha tatu ndicho chenye kazi. Humo tutaweka mchanga, lakini si mchanga wa kawaida. Ni mchanga uliopakwa."

"Umepakwa rangi?"

"Umepakwa kutu."

Akanieleza. Kwenye mitambo ya maji ya kunywa wanavuta maji ya kisima yenye chuma kingi. Wanayapitisha kwenye mchanga. Miaka inapita, na kile chuma kinaganda juu ya kila punje, mpaka punje inavaa koti la kutu. Mchanga ukizeeka hivyo, wao wanautoa na kuweka mwingine. Ule wa zamani ulikuwa unatupwa, na sasa ofisi ya mitaro inauchukua.

"Koti lile la kutu linakamata shaba na zinki," akasema. "Maji yanapita, sumu inabaki imeshikwa kwenye punje. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Nilimwelewa mimi peke yangu. Nyumbani sikumweleza mtu. Bwana Pasi nilimwambia tu kwamba tunajenga chujio. Mama yake sikumwambia kitu. Si tumenuniana? Aendelee na kamba zake sita.

Chujio lilijengwa siku nne. Bwana Pasi alinisaidia ukuta wa matofali. Mwanamume huyu ananyoosha mkunjo wa suruali ukawa kama umepigwa rula, lakini ukuta wake ulikaa kama umelewa. Bi Mtaro aliusukuma kwa mguu. Haukuanguka, akaukubali.

Siku ya tano akaleta magunia saba ya mchanga. Ulikuwa wa kahawia iliyokolea, na vumbi lake likichafua kila kinachoguswa.

"Saruji ikauke leo," akaniambia. "Kesho mwage mchanga chumba cha tatu, halafu juu yake weka kokoto, maji yasiuchimbe. Basi."

Kesho yake mimi nilikwenda kuchukua vifaranga. Ni safari ya kutwa. Niliporudi jioni na mapipa yangu mawili, nikakuta chujio limeshajazwa. Kokoto zimepangwa juu vizuri, moja moja, kama vibanio kwenye kamba.

"Tumekumalizia kazi," akasema Bwana Pasi. Macho yake yalikuwa mekundu na mikono imechubuka.

"Asante, mume wangu. Mbona umechoka hivyo?"

"Aa, mchanga ni mzito."

Dirishani mama yake alikuwa amesimama, anatabasamu peke yake. Nikasema moyoni, huyu naye leo amepata doa gani la kumfurahisha? Sikuuliza. Ningemuuliza, hadithi hii ingeishia hapa, nami ningekuwa nimeokoa vifaranga mia tatu.

Mvua ilikuja baada ya siku nane. Ilianza mchana, ikanyesha mpaka jioni. Maji yaliingia kwenye chujio langu, yakapita chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, yakamwagika bwawani yakiwa maangavu kabisa. Nilicheka peke yangu kwenye mvua.

Asubuhi niliwakuta juu ya maji. Wengi walikuwa wameshakufa. Waliobaki walikuwa wanatweta, midomo juu, wanatafuta pumzi.

Sikulia safari hii. Nilipiga ukelele, nikakimbilia mabeseni ya kufulia. Nikamwaga shuka za watu chini, ndiyo, chini, kwenye saruji. Nikachota maji ya bomba tuliyoyahifadhi kwenye pipa tangu juzi. Bwana Pasi akaja mbio na chungio la jikoni, tukawavua mmoja mmoja, tukawatia kwenye mabeseni. Tulipomaliza walikuwa arobaini na watatu. Kati ya mia tatu!

Mama mkwe alitoka, akaona shuka zake chini. Nikamngoja afoke. Hakufoka. Aliangalia bwawa, akarudi ndani. Baadaye nikamsikia kwenye simu anasema, "Ndiyo, kifusi. Leta leo leo."

Nami nikampigia simu Bi Mtaro. Sitarudia hapa niliyomwambia.

Alifika kabla ya lori.

"Mchanga wako ni uongo!" nikamwambia hata hajavuka mlango wa uani. "Koti la kutu, koti la kutu! Samaki wangu wako wapi?"

"Dada, tulia. Fungua tuone."

"Nifungue nini? Maji yalitoka meupe pee, na samaki wamekufa!"

"Fungua."

Tukaziondoa kokoto. Bi Mtaro akachota mchanga kiganjani. Akauangalia. Akayafuta macho yake kwa mkono mwingine, akauangalia tena. Mchanga ulikuwa mweupe kama chumvi.

"Huu si mchanga niliouleta," akasema.

"Ndio huo huo," ikasema sauti nyuma yetu.

Ni mama mkwe. Alikuwa amekuja na kamba mpya begani, tayari kwa kazi.

"Ndio huo huo," akarudia. "Ulikuja mchafu, wote kutu tupu. Nikauosha. Mimi na mwanangu, kutwa nzima. Nilimaliza chupa zangu zote za dawa. Gunia la mwisho ndilo dawa haikutosha, nikaliacha kule bandani."

Bwana Pasi aliangalia viatu vyake.

"Mama," nikasema polepole, kwa sababu ningesema haraka ningepasuka, "umeosha mchanga?"

"Maji ya samaki wako yapite kwenye uchafu ule? Nimekaa dobi miaka arobaini, nikaache kutu nyumbani kwangu?" Halafu sauti yake ikashuka. "Na tulikuwa hatusemezani. Nikasema nikufanyie jambo zuri, ukirudi ufurahi. Nilidhani utaona ulivyong'aa, utaniambia kitu. Hukuona. Tulishaweka kokoto."

Jamani! Mnaujua uchungu wa kutaka kupiga kelele, halafu mtu anakunyang'anya sababu? Niligeukia ukuta wa chujio, nikaupiga teke. Haukuanguka.

Bi Mtaro alikaa juu ya ukuta huo huo, akajifuta jasho.

"Nimejenga machujio mengi," akasema. "Nimeona mtu ameiba wavu. Nimeona mbuzi amelala ndani. Lakini kuoshwa kwa dawa ya kutu? Hii ni mara yangu ya kwanza." Akanigeukia. "Na wewe hukumweleza?"

"Sikumweleza."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimenuna."

Sijawahi kutamka neno likanitia aibu kiasi kile.

Bi Mtaro alimwangalia mama mkwe. Hakumfokea. "Shikamoo, Mama. Tuanze upya, mimi na wewe. Wewe unaijua kutu kuliko mimi. Kutu ikishika shuka, inaachia kwa maji matupu?"

"Haiachii ng'o," akasema Mama. "Mpaka dawa."

"Sawa. Kutu ina tabia ya kung'ang'ania. Inang'ang'ania shuka, inang'ang'ania mchanga. Na yenyewe, ikishavaa punje, inang'ang'ania shaba na zinki zinazopita kwenye maji. Mchanga umebeba tu. Mkamataji ni kutu."

Mama akakunja uso. "Kwa hiyo ule uchafu..."

"Ule uchafu ndio chujio."

"Sikubali mpaka nione."

"Vizuri. Nami sipendi mtu anayekubali bila kuona."

Bwana Pasi akatumwa kuleta lile gunia la bandani. Bi Mtaro akakata chupa mbili za plastiki, akatoboa vifuniko. Moja akaitia mchanga mweupe wa Mama. Nyingine akaitia mchanga wa kahawia. Akausuuza kwanza kwa maji matupu, vumbi lake liishe. Kisha akachota maji ya mtaroni, akayamimina polepole kwenye chupa zote mbili. Chini tuliweka glasi mbili.

Maji yalitoka. Kwa macho yalifanana, yote maangavu.

"Yako sawa," akasema Mama.

"Kwa macho," akasema Bi Mtaro. Akampa vikaratasi viwili. "Chovya mwenyewe."

Mama akachovya cha kwanza kwenye glasi ya mchanga mweupe. Kikageuka zambarau. Akachovya cha pili kwenye glasi ya mchanga wa kahawia. Tukangoja. Kilibaki karibu kama kilivyokuwa.

Mama alivishika vile vikaratasi viwili, kimoja kila mkono. Alivisogeza karibu na macho, kama anavyokagua kola. Alivikagua muda mrefu sana.

"Ni mimi basi," akasema. "Ni mimi niliyewaua."

Nje honi ikalia. Lori la kifusi lilikuwa limefika. Dereva akachungulia juu ya ukuta wa uani.

"Mama, nimwage wapi?"

"Usimwage."

"Mama, nimetoka mbali!"

"Basi rudi mbali!"

Dereva aliondoka akiguna. Mama akaitupa ile kamba mpya chini, akakunja mikono ya gauni lake.

"Mchanga mwingine unapatikana lini?" akamuuliza Bi Mtaro.

Ulipatikana kesho yake. Safari hii Mama ndiye aliyeupokea. Alisimama mlangoni, akafungua kila gunia, akaangalia kama umevaa kutu ya kutosha. Bwana Pasi alipopitisha kitambaa kufuta vumbi la kahawia kwenye ukuta, alipigwa kofi la mkono.

"Acha! Mkono wako na usafi wako!"

Tulisuuza mchanga kwa maji matupu tu, tukaumwaga, tukaweka kokoto. Lakini maji ya bwawani yalikuwa bado na sumu. Bi Mtaro akasema tuyapitishe yote kwenye chujio, ndoo kwa ndoo, yarudi bwawani. Yote! Tulifanya hivyo siku tatu. Mimi nachota, Mama anamimina, Bwana Pasi anabeba. Samaki wako kwenye mabeseni, kwa hiyo shuka za nyumba ya wageni zilifuliwa kwenye sufuria za jikoni. Mgongo uliniuma mpaka nikawa natembea kama herufi iliyoanguka.

Hapo katikati ya ndoo ndipo tulipoanza kusemezana.

"Ungeniambia tu," akasema Mama.

"Ungeniuliza tu," nikasema mimi.

"Haya, mimina wewe, mimi nichote."

Siku ya nne karatasi ikabaki nyeupe. Tukawarudisha samaki bwawani, wote arobaini na watatu.

Mama hakuishia hapo. Alimchukua Bi Mtaro wakapanda barabarani kwa mafundi. Bi Mtaro aliongea nao kwa upole. Aliwaonyesha mtaro unakokwenda. Aliwaeleza kwamba chujio halina nguvu za miujiza. Koti la kutu linajaa, na uchafu ukipungua juu, mchanga utadumu zaidi chini. Mafundi walitikisa vichwa kwa heshima. Ndipo Mama akasogea mbele.

"Ovaroli zenu anafua nani?"

"Wewe, Mama."

"Nikiona tone moja la maji ya betri kwenye mtaro huu, mtazifua wenyewe."

Siku hiyo hiyo wakaweka pipa la oili chafu na ndoo yenye mfuniko ya maji ya betri. Gari la ofisi huja kuvichukua.

Na sisi tuna kazi zetu. Kila wiki tunasafisha wavu. Kila mvua kubwa ikipita tunatoa tope chumba cha pili. Kila mwezi tunachovya karatasi upande wa kutokea. Ikianza kugeuka rangi, mchanga umechoka, unabadilishwa. Ule uliochoka hatuumwagi kwenye bustani ya mboga, kwa sababu sumu yote imo ndani yake. Tunautia magunia, ofisi inaubeba. Kumbe chujio nalo ni mtoto, halijengwi ukalisahau. Sikuambiwa hayo mwanzoni, au niliambiwa na sikusikia.

Lakini yote hayo ni maneno mpaka mvua inyeshe.

Ilinyesha siku ya kumi na moja tangu tuwarudishe samaki, mchana, kubwa kuliko zote za nyuma. Maji yalikuja mtaroni yakinguruma. Nilisimama mlangoni nikayaangalia yanaingia, meusi, yamebeba makopo na majani. Ilipopungua, Bwana Pasi akaniambia, "Nenda ukaangalie."

"Siendi."

"Utajuaje?"

"Nitajua kesho. Niache."

Kesho yake mvua ilikuwa bado inanyesha; niliingia chumba cha pasi nikaanza kukunja shuka. Nilizikunja kwa hasira, pembe kwa pembe, moja baada ya nyingine. Nilizikunja hata zilizokuwa zimeshakunjwa. Sikutaka kuona tena matumbo meupe juu ya maji. Ningeyaona mara ya nne, ningeliita lori la kifusi mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amelowa chapachapa, gauni limemganda mwilini. Mkononi ameshika kopo la pumba, tupu.

"Wamekula," akasema.

Nikabaki nimeshika shuka.

"Wote?"

"Nimehesabu mara tatu. Hawatulii, wale watoto, wanapandana vichwani. Arobaini na watatu."

Nikakaa pale pale, juu ya rundo la shuka za zahanati, safi, zimepigwa pasi, za kupelekwa jioni ile ile. Nikalia kwa sauti kama mtoto. Nilijua nitasikia, "Nyeupe hiyo!" Mama akanitazama, akazitazama shuka, maji yanamdondoka mpaka sakafuni.

Halafu akaja akakaa kando yangu, juu ya shuka hizo hizo, akiwa amelowa vile vile, akanishika mkono.